Unasoma uzamili na umepewa kundi la kufundisha? Ingia hapa tuongelee maandalizi

Chaki Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Uzi huu ni wa wale walio katikati: asubuhi mwanafunzi, mchana mwalimu. Una tasnifu ambayo haijafika popote, una msimamizi anayeuliza sura ya pili iko wapi, halafu idara inakukabidhi kundi la semina la mwaka wa kwanza pamoja na muhtasari wa kozi wa kurasa chache. Basi. Hakuna anayekukalisha chini akakuonyesha saa moja ya darasa inajazwa na nini. Wanaona kwa kuwa somo ulilifaulu, kulifundisha utajua mwenyewe.

Hoja yangu naiweka hapa juu ili wenye haraka waichukue waondoke: sehemu kubwa ya muda tunaosema tunaandaa kipindi, tunajikinga tu. Mtu anasoma makala sita kwa semina inayohitaji moja. Anatengeneza slaidi 40 za dakika 50. Anakesha. Ukimuuliza, atakwambia anataka wanafunzi waelewe, lakini ukichimba kidogo utakuta anaogopa kuulizwa swali asilolijua. Woga huo slaidi ya 41 haiuondoi. Na wanaobeba gharama ni wanafunzi, kwa sababu kila ulichokiandaa kwa jasho utataka kukisema chote.

Kuna jaribio moja napenda kulitaja kila likija suala hili. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, akiwa naye mwanafunzi wa uzamivu pale Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa wimbo unaojulikana na kila mtu, mwenzao asikilize na kuutaja. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani, maneno na ala zake. Msikilizaji anapata ko-ko-ko tu.

Sasa fikiria mtu aliyeishi na mada moja miaka kadhaa. Huyo kichwani ana okestra nzima. Akisema "kama mnavyojua" mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza, ujue hawajui, na hawatamwambia.

Kwa hiyo mimi naanzia mwisho. Kabla sijafungua slaidi hata moja naandika swali moja ambalo mwanafunzi akitoka mlangoni anatakiwa aweze kulijibu na alipoingia hakuweza. Moja. Kisha najiuliza atakosea wapi akilijibu, maana huko kwenye kukosea ndiko kipindi kilipo. Mengine yote yanapimwa kwa swali hilo: kisichosaidia kulijibu kinatoka, hata kama ni kitamu. Hapo kwenye utamu ndipo penye maumivu, kwa sababu vitu vitamu kwetu ni vile tulivyovisoma juzi kwa ajili ya tasnifu, na mwaka wa kwanza hana shida navyo.

Mfano. Nafundisha takwimu za utangulizi, na kipindi cha wastani na kati (namba inayokaa katikati zikipangwa kwa ukubwa) ndicho kila mtu anakidharau. Ukitoa fomula, wote wanaandika, wote wanakokotoa, na hakuna aliyejifunza kitu. Badala yake naandika ubaoni namba tano: 2, 3, 3, 4, 28. Nawaambia hizi ni saa ambazo watu watano walitumia kusoma wiki hii. Bila kukokotoa, mtu wa kawaida katika kundi hili amesoma saa ngapi? Wanasema tatu. Haya, kokotoeni wastani. Inatoka 8. Nani kati ya hawa watano amesoma saa 8, au hata karibu na 8? Kimya. Hapo hapo naifuta 28 naandika 53. Kabla hamjagusa kikokotoo, niambieni wastani utakwenda wapi, na namba ya katikati itakwenda wapi. Wanabishana. Wastani unaruka hadi 13, ya katikati inabaki 3 pale pale ilipokuwa. Fomula ikija baada ya hapo inakuwa na kazi ya kufanya.

Angalia maandalizi yake: namba tano na maswali matatu. Yanaingia kwenye kipande cha karatasi. Lakini kuzichagua hizo namba ili jumla igawanyike vizuri, ili 28 isionekane kama kosa la uandishi, ili wabishane badala ya kukubaliana, huko ndiko muda ulikokwenda. Nusu saa ya kuchagua namba naiona bora kuliko saa nne za kupamba slaidi.

La pili ni kusahihisha, na hili hakuna anayekwambia mapema. Piga hesabu mwenyewe: insha 40, dakika 15 kila moja, ni dakika 600, yaani saa 10. Bila kupumzika, bila kurudia, bila kukutana na ule mwandiko unaohitaji miwani miwili. Na zinakuja kwa mkupuo, mara nyingi wiki ile ile sura yako inatakiwa kwa msimamizi. Ukipokea kundi, kitu cha kwanza kuuliza ni kazi zinakusanywa lini. Ratiba ya vipindi iache, hiyo utaizoea. Tarehe za kusahihisha ziingie kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote.

Nawasilisha. Wenye uzoefu tiririkeni, wageni ulizeni.

Kiti cha Nyuma

Siti ya mbele leo, jina lisikudanganye. Mkuu, hapo kwenye kujikinga umenigusa penyewe. Mimi kundi langu linaanza muhula ujao na nimeshatengeneza slaidi za wiki tano. Nizitupe?

Chaki Mkononi

Usitupe mkuu, ziweke. Hizo ni akiba yako ya usomaji, siyo kipindi. Chukua ya wiki ya kwanza, andika lile swali moja, kisha uone zinabaki slaidi ngapi. Zikibaki tano umefanikiwa.

Mlezi wa Semina

Nimefundisha semina miaka mingi kabla ya kupata ajira ya kudumu, naongezea hapo kwenye maswali.

Swali zuri linaharibiwa na aliyeliuliza. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alirekodi walimu wa sayansi darasani akapima muda kati ya mwalimu kuuliza na mwalimu kuongea tena. Ilikuwa kama sekunde 1 hivi. Sekunde moja, wakuu! Mtu hata hajamaliza kulielewa swali, mwalimu ameshalijibu, au amehamia kwa yule yule wa mbele anayejua kila kitu. Walipofundishwa kungoja hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, waliokuwa kimya wakaanza kuongea, na zile "sijui" zikapungua.

Sasa shida ni kwamba sekunde tatu mbele ya watu 30 wanaokutazama ni ndefu mno. Utahisi darasa limekufa. Halijafa, linafikiri. Nilichokuwa nafanya ni kugeuka na kulirudia swali ubaoni kwa maandishi, polepole. Mkono una kazi, mdomo unanyamaza wenyewe, na wao wanapata muda wao. Kizuri zaidi, aliyechelewa kuingia analikuta swali limeandikwa, habughudhi jirani.

Na usimalize na "kuna swali?" Hilo halijawahi kuleta swali. Waambie kila mmoja aandike sentensi moja ya kitu ambacho bado hakijakaa sawa, bila jina, aiache mezani akitoka. Dakika mbili. Ukizisoma usiku, nusu ya kipindi kijacho kimeshaandaliwa na wao wenyewe.

Hesabu Kali

Mleta uzi, nakupinga kidogo. Huko kwenye sayansi ngumu kuna mambo hayana ubishani. Kanuni ni kanuni. Muhtasari una mada 14, mtihani unatungwa na profesa na si mimi, mimi nikikaa nabishana na watoto kuhusu namba tano mada tutamaliza lini? Wakifeli lawama zinakuja kwangu.

Chaki Mkononi

Hesabu Kali, lawama zinauma, nakuelewa. Ila swali langu kwako ni hili: ukimaliza mada 14, nani amezimaliza? Wewe au wao?

Na hilo la sayansi ngumu ndiko utafiti ulikofanyika zaidi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na yale ambamo wanafunzi wanafanyishwa kazi kipindi kikiendelea. Kwenye mhadhara waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, kwenye yale mengine karibu 22. Siyo masomo ya kupiga soga hayo.

Eric Mazur ni mwanafizikia wa Harvard. Mtindo wake ni rahisi: swali la kuchagua jibu, kila mtu ajibu peke yake, kisha amgeukie jirani amshawishi, kisha wajibu tena. Jirani aliyeelewa jana anajua mahali mwenzake anakwama kuliko wewe uliyeelewa miaka kumi iliyopita. Ko-ko-ko ile ile niliyosema juu.

Hesabu Kali

Nimekusoma. Lakini nilijaribu kitu cha namna hiyo, kwenye fomu za tathmini wakaandika "mwalimu hafundishi, anatuachia tufanye wenyewe". Hiyo tathmini inasomwa na watu wa juu yangu.

Mlezi wa Semina

Hiyo nayo imepimwa, mwanangu. Harvard, matokeo yakatoka 2019, darasa la fizikia. Waliofundishwa kwa kufanyishwa kazi walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini walipoulizwa walijiona wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara laini. Mhadhara mzuri unateleza, unaondoka umeshiba hisia. Kuhangaika na swali kunachosha na mtu anakutafsiri kama kutoelewa.

Dawa yake ni kuwaambia siku ya kwanza. "Hapa mtahangaika, mtahisi mnapotea, na sababu yake ni hii." Ukilisema mapema wanakuelewa. Ukisubiri wiki ya kumi wataona unajitetea.

Stashahada na Nusu

Wakuu shikamooni. Mimi nipo upande mwingine, nilimaliza shahada ya kwanza ya kemia, sasa nasoma stashahada ya uzamili ya ualimu, niende sekondari. Naona ninyi mnaongelea semina za chuo. Huku kwetu habari ni andalio la somo. Safu, safu, safu. Umahiri, malengo mahususi, zana, hatua, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, tathmini, maoni. Kipindi kimoja karatasi mbili. Na mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha anaanza na hiyo kabla hata hajakutazama. Nyie mnasema kipande cha karatasi!

Chaki Mkononi

Marahaba. Umekuja na jambo zito na nafurahi umekuja, maana ninyi ndio mnaofundishwa kufundisha kweli. Sisi wengine tunaokota njiani.

Andalio lina mantiki yake ukilisoma kuanzia chini kwenda juu. Ianze safu ya tathmini: nitajuaje wamepata? Halafu panda kwenye shughuli za mwanafunzi: atafanya nini kitakachomfikisha hapo? Shughuli za mwalimu zijaze mwisho. Wengi wanajaza kutoka juu, wanamaliza safu ya mwalimu ikiwa imejaa "kueleza, kueleza, kufafanua", na ya mwanafunzi "kusikiliza, kuandika". Karatasi imejaa, kipindi kitupu.

Na kwenye malengo mahususi ukiandika "mwanafunzi aelewe" mkaguzi atakuzungushia kwa wino mwekundu, na ana haki. Tangu Benjamin Bloom na wenzake watoe ngazi zao za malengo ya kujifunza mwaka 1956, zikapitiwa upya 2001, kinachotakiwa ni kitenzi unachoweza kukiona kikitendeka: ataje, alinganishe, akokotoe, atetee. Kuelewa huwezi kukuona. Kulinganisha chumvi na sukari zikiyeyuka majini, na kueleza kwa nini moja inapitisha umeme na nyingine haipitishi, huko unakuona.

Stashahada na Nusu

Hilo la kujaza kutoka chini sijaambiwa popote. Nalichukua. Swali la pili: mkaguzi akiingia natetemeka. Darasa linajua, linanyamaza kwa huruma, yaani inakuwa msiba.

Mwalimu wa Vipindi Vingi

Nimepita tu nikaona niseme. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka mingi kazini na hivi sasa nasoma uzamili wa elimu jioni na likizo. Nawasoma hapa mnaongelea nusu saa ya kuchagua namba tano. Nyie mna kundi moja la semina kwa wiki! Mimi nina vipindi vitano kwa siku, madarasa matatu tofauti, zamu ya getini, na daftari za kusahihisha hazihesabiki. Nusu saa kwa kila kipindi ni saa mbili na nusu kila usiku kabla sijagusa kazi zangu za uzamili.

Sisemi mmekosea. Nasema uzi huu umeandikwa na mtu mwenye nafasi.

Kwa binti wa kemia (au kijana, samahani, jina halisemi): mkaguzi mpe nakala ya andalio mlangoni, mwonyeshe kiti cha nyuma pembeni, siyo katikati, kisha anza na zoezi ambalo wanafunzi wanaandika dakika tatu za kwanza. Wewe huongei. Macho yote yanakuwa kwenye daftari, hakuna anayekutazama ukitetemeka, na mkaguzi anaona darasa linafanya kazi tangu kengele. Mpaka waweke kalamu chini, sauti imerudi.

Chaki Mkononi

Mwalimu, heshima kwako. Hoja ya nafasi ni kweli tupu, siipingi. Mwenye vipindi vitano kwa siku hawezi kuchonga kila kimoja, na anayemwambia afanye hivyo hajawahi kusimama huko.

Lakini ngoja nikuulize kitu, kwa nia njema: kwa uzoefu wako, si ndiyo maana swali moja lililochongwa vizuri mwaka huu unalitumia tena mwakani na mwaka unaofuata? Slaidi zinazeeka, mtaala unabadilika. Lile swali la 2, 3, 3, 4, 28 halizeeki.

Mwalimu wa Vipindi Vingi

Hapo umenipata. Nina daftari moja la jalada gumu, kila mada ina ukurasa: swali lililofanya darasa libishane, na chini yake makosa waliyofanya. Hakuna kingine ndani. Kila mwaka naongeza kidogo. Walimu wapya wakija kuniomba noti nawapa hilo wapige picha. Wengi wanashangaa mbona hakuna noti.

Bwana Maktaba

Nyote mmesahau jambo la msingi. Kwanza mpime kila mwanafunzi anajifunza kwa njia gani: wa kuona, wa kusikia, wa kugusa. Kisha uandae kipindi cha kila kundi. Tulifundishwa hivyo.

Mlezi wa Semina

Bwana Maktaba, wengi tulifundishwa hivyo na bado kinaenea. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler akiwa wa kwanza kwenye orodha, waliupitia ushahidi wote wa jambo hilo. Walichotafuta ni kitu kimoja: je, mtu anayejiita wa kuona akifundishwa kwa picha anafaulu zaidi kuliko akifundishwa kwa sauti, na wa kusikia kinyume chake? Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuandaa vipindi kwa mtindo huo. Watu wana wanachokipenda, hilo lipo. Ila ramani inafundishwa kwa kuonekana kwa kila mtu, na matamshi yanafundishwa kwa kusikika kwa kila mtu. Somo lenyewe ndilo linaloamua.

Na kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye tasnifu mgongoni, kuandaa kipindi kimoja mara tatu ni kujimaliza.

Bwana Maktaba

Nimekubali kwa shingo upande. Nitausoma huo uchambuzi mwenyewe kwanza.

Mlezi wa Semina

Ndiyo inavyotakiwa.

Nusu Tasnifu

Naombeni msaada kwenye kusahihisha. Nina insha rundo zima. Nikianza asubuhi nakuwa mkali, jioni nagawa alama tu. Najua siyo haki lakini sijui nifanyeje.

Chaki Mkononi

Hili nilikuwa nalisubiri.

Kwanza, ficha majina. Kunja kona ya juu au mwombe wa ofisi azipe namba. Edward Thorndike aliandika tangu 1920 kuhusu maofisa wa jeshi waliokuwa wakiwapima askari wao: aliyeonekana mzuri kwenye sifa moja alipewa alama nzuri kwenye sifa zote, hata zisizohusiana. Mwanafunzi anayechangia vizuri darasani atapata huruma yako kwenye insha mbovu, na hutaijua kama ni huruma.

Pili, kama kazi ina maswali kadhaa, usisahihishe mtu mmoja mpaka mwisho. Sahihisha swali la kwanza la wote, kisha geuza rundo juu chini, swali la pili la wote. Mwongozo unakuwa umeukariri, kasi inaongezeka, na aliyekuwa wa mwisho kwenye swali la kwanza anakuwa wa kwanza kwenye la pili. Ule ukali wa asubuhi unagawanyika.

Tatu, kabla ya kuweka alama yoyote soma tano au sita bila kushika kalamu. Mwongozo wa kusahihishia uliouandika mezani haujui wanafunzi wataandika nini. Ukishaziona chache utajua pale ulipoandika "hoja yenye ushahidi" wao wanaleta nini hasa.

Na maoni. Hapa tunapoteza saa nyingi kuliko popote. Tunajaza pambizo lote kwa wino, mwanafunzi anafungua ukurasa wa mwisho, anaona alama, anafunga. Ruth Butler alilifanyia utafiti mwaka 1988 kwa watoto wa shule: waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi kwenye kazi zilizofuata kuliko waliopewa alama, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidi yale maoni. Kama utaratibu wa idara unakuruhusu, rudisha insha zenye maoni tu, kipindi hicho hicho wape dakika kumi waandike watabadilisha nini, alama ziwafikie baadaye. Kama haukuruhusu, basi punguza: jambo moja alilolifanya vizuri, jambo moja la kurekebisha, na uonyeshe mahali penyewe. "Aya ya tatu inadai, haithibitishi. Ushahidi unao, uko aya ya tano, usogeze." Hiyo inatosha kuliko "fafanua" ishirini pembezoni.

Kiti cha Nyuma

Na zile insha zinazonukia mashine? Sentensi zimenyooka, hakuna mtu ndani.

Chaki Mkononi

Huo ni uzi mwingine mkuu, na ufuate kanuni za chuo chako, usijifanye polisi peke yako. Ninachofanya mimi ni kuwaita watu wawiliwawili waniambie kwa mdomo walichoandika. Dakika tano. Aliyeandika mwenyewe anaongea mpaka unamkatisha.

Nusu Tasnifu

Asante sana. La mwisho: msimamizi wangu ananiambia kufundisha kunakula tasnifu. Na ni kweli, siku nikiwa na semina sigusi kitu kingine.

Mlezi wa Semina

Msimamizi wako hajakosea, ila siyo ile saa ya darasani inayokula. Ni ile siku nzima kabla yake. Maandalizi yana tabia ya kujaza nafasi yoyote utakayoyapa. Ukiyapa Jumamosi, yatachukua Jumamosi.

Yaandae baada ya kuandika, kamwe siyo kabla. Asubuhi tasnifu, hata ukurasa mmoja. Alasiri kipindi, na kiwe na saa ya kufungwa. Ukianza na kipindi utajiambia "nikimaliza hiki nitaandika", na hakiishi. Wanafunzi wapo, wana nyuso, wanakuita mwalimu. Tasnifu haina uso na haikuiti. Usiposimamia wewe, wenye nyuso watashinda kila siku.

Na jambo ambalo watu wa uzamili hawalitumii: panapowezekana omba kundi lililo karibu na mada yako. Kuna sura yangu moja ilinyooka baada ya mwanafunzi kuniuliza "sasa hii inatofautianaje na ile ya wiki jana?" na nikakuta jibu langu lina mzunguko mwingi mno.

Stashahada na Nusu

Narudi tena, samahanini. Wakiniuliza kitu sijui jibu lake nifanye nini? Huku sekondari ukisema hujui wanakuvua nguo.

Mwalimu wa Vipindi Vingi

Hawakuvui. Wanakuvua ukidanganya na wakagundua, na watagundua. Liandike swali kwenye kona ya ubao, sema wazi kwamba hilo hulijui na utalijibu kipindi kijacho, waambie nao walitafute. Kisha, hapa wengi wanaangukia, kipindi kijacho LIJIBU. Lianze nalo kabla ya kitu kingine. Ukifanya hivyo mara kadhaa, maswali yanaanza kuwa mazuri, kwa sababu wanaona yanakwenda mahali.

Kiti cha Nyuma

Na kipindi kikiisha dakika kumi kabla ya muda? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndiyo sababu ya slaidi za wiki tano.

Chaki Mkononi

Waambie wafunge daftari na waandike kwa kumbukumbu kila walichokipata leo, kisha wafungue wakague walichoacha. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojijaribu kukumbuka walibakiwa na zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio walioongoza. Kwa hiyo dakika kumi zako zina kazi.

Kama bado una wasiwasi, andika maswali mawili ya ziada nyuma ya karatasi ya kipindi. Usipoyahitaji leo, anza nayo wiki ijayo.

Kiti cha Nyuma

Sawa mkuu. Nimekaa na slaidi za wiki ya kwanza tangu saa ile. Zilikuwa 36, zimebaki 9. Swali langu moja bado linasomeka kama maswali matatu, nikilipata nitalileta hapa mlichane.

Mwalimu wa Vipindi Vingi

Lilete kabla ya Ijumaa, Jumatatu nina zamu.